Uchovu wa Benchi la Vitambulisho

Jua lilikuwa linazama nilipopita ofisi ya vitambulisho kuchomoa mtambo wangu. Kazi ndogo tu, kisha nikalale.

Niliubuni kwa hasira. Kwenye mdahalo chuoni nilisema wazi: anayekuambia "njoo kesho" hajawahi kuionja kesho yako. Wakapiga makofi, wakaenda kula. Mimi nikatengeneza. Vibao vya shaba kwenye benchi la wanaosubiri vinasoma mapigo na jasho; bamba la chuma dirishani linampitishia karani wanachohisi, kiganjani. Bosi wake alikubali tuujaribu. Karani alicheka. "Binti, mimi nina ngozi ngumu."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Nikachomoa waya.

"Zima," mtu akanong'ona.

Karani. Bado yuko dirishani, koti begani, kiganja juu ya bamba, jasho likimdondoka puani.

"Nimeshazima. Toa mkono, kaka."

"Hautoki. Na miguu inaniuma... siyo miguu yangu hii."

"Njoo kesho, basi," nikamwambia. Wala sikujuta.

Hakucheka.

Nikakaa kwenye benchi kukagua vibao. Uchovu ukaniingia kama maji yanavyoingia kwenye godoro. Halafu harufu ya dawa ya kuchua. Halafu kitu kikaniegemea begani, chepesi, kama kichwa cha bibi aliyesinzia.

"Wameshaita?" sauti ya kizee ikauliza sikioni mwangu.

Sikugeuka.

"Kaka," nikanong'ona, "nani alikuwa anakaa hapa mwisho?"

"Kulikuwa na bibi mmoja. Kila akija namwambia kesho. Siku moja nafunga dirisha, nikadhani amelala."

"Muite."

"Jina lake silijui. Sikuwahi kumuuliza."

"Muite hivyo hivyo. La sivyo mkono huo utauacha hapa."

Akainamia kioo cha dirisha. "Bibi... karibu dirishani."

Bega langu likapata nafuu. Kandambili zikaburuzika sakafuni... taratibu... zikakoma mbele ya kioo. Karani akauliza jina, akatega sikio, akaitikia kwa kichwa.

Mkono ukabanduka.

Nikajiandaa kusimama. Bega la pili likalemewa.

"Na mimi je?" sauti nyingine ikauliza.

Karani alikuwa ameshavaa mkono mmoja wa koti. Akanitazama usoni, akaelewa. Akalivua, akavuta kiti, akakaa.

"Anayefuata," akasema.