Mama Ametangulia

Soko letu lina sheria moja kubwa: mkono uliopanda ndio unaouza. Wachuuzi hawana nafasi. Kila Jumamosi jioni, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya benki, wakulima hupanga meza zao na mwenyekiti hupita akimuuliza kila mmoja, "Umelima mwenyewe?" Ukibabaika, unafungasha.

Mimi sijawahi kupanda hata mchicha. Mpandaji ni mama. Lakini wiki ile alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, na nyanya zake zilikuwa zimeiva hadi zinapasuka.

"Ziache zioze," aliniambia. "Sheria ni sheria."

Sikumsikiliza. Nilizibeba.

"Mama yako yuko wapi?" mwenyekiti akaniuliza. Ni mama mnene, mpole, lakini kwenye sheria hana mchezo. Mwenye meza akiugua, meza humsubiri. Akifa, mtoto hurithi.

"Ametangulia," nikasema.

Nilikuwa nimejipanga. Angenibana, ningesema ametangulia shambani. Hakunibana. Alishika kifua, machozi yakamlengalenga.

"Pole, mwanangu. Basi meza ni yako."

Nami nikamwambia ahsante. Naona aibu hata kuandika.

Meza ya jirani ilikuwa ya mzee wa asali, sote tukimwita Bwana Nyuki. Asubuhi ile ile alikuwa amezungumza na mama kwa simu. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Mdomo uliponza kichwa, binti yangu," akaninong'oneza. Lakini hakunichongea. Aliniazima hata mizani yake, akanitania kwamba nyanya zimenona kuliko mimi.

Jua likazama. Taa za uwanja zikawaka zote, isipokuwa ile iliyo juu yangu. Ndipo nikaisikia harufu...

Udongo. Udongo mbichi, wa chini kabisa, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Mbele yangu alisimama mwanamke aliyejitanda hadi kwenye nyusi. Kucha zake zilijaa tope. Nikamdhania mkulima mwenzetu.

"Mama yako ametangulia?" akanong'ona.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Juzi tu..."

Aliokota nyanya moja, akaigeuzageuza polepole.

"Mbona kwetu hajafika?"

Nilipoinua uso, hakuwepo. Nyanya aliyoishika ilikuwa imenywea, imeota ukungu mweupe.

Nikaacha kila kitu mezani. Nikakimbia.

Harufu ile nilikutana nayo tena kwenye ngazi za kwetu. Nilipoingia chumbani, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la kutokea. Na viatu. Viatu vyote viwili. Plasta ilikuwa sakafuni, nzima, haina hata ufa, kama soksi aliyoivua.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kuna mama amekuja kunichukua. Ana adabu kweli." Akatabasamu. "Anasema wewe ndiye uliyemtuma. Nimemwomba asubiri nje kidogo, nikuage."

Nilijikokota hadi mlangoni, nikafungua. Nje kulikuwa giza tupu.

"Nilisema uongo," nikanong'ona. "Mama yu hai. Mwacheni."

Kisha kucha zikakwaruza ukuta... khrrr... khrrr...

"Basi ni nani aliyetangulia?"

"Hakuna mtu!"

"Tumeambiwa yupo. Mahali pameshaandaliwa."

Nyuma yangu, viatu vya mama vilianza kutembea. Ko... ko... Vinakuja. Ko...

Ningesema mimi. Mtoto mwema angesema mimi. Nililifikiria hilo, wallahi nililifikiria, na nikaogopa. Kinywa changu kikanitafutia njia ya mkato kama kilivyozoea.

"Bwana Nyuki."

Viatu vikasimama. Harufu ikashuka ngazi, ikapotea.

"Umemtaja nani?" mama akauliza.

"Sijamtaja mtu, mama. Rudi ulale."

Jumamosi iliyofuata mama alikuja sokoni mwenyewe, na fimbo yake. Mwenyekiti alipiga yowe alipomwona! Nikaeleza kwamba nilimaanisha ametangulia shambani, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwenyekiti alinigombeza kidogo, yakaisha.

Meza ya asali ilikuwa tupu.

Wateja wake walikuja, wakasubiri, wakaondoka. Mwenyekiti akasema amempitia nyumbani. Simu inaita ndani, hakuna anayepokea. Mlango umerudishwa tu, na kizingitini kuna udongo, mtu hajafagia.

"Labda amekwenda kutazama mizinga yake," akasema, lakini mwenyewe hakuonekana kuamini. Akanigeukia. "Wewe ndiye jirani yake wa meza. Hakukuaga?"

"Hapana," nikajibu.

Mama alikuwa ameushika mkono wangu tangu tulipoketi. Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akauachia mkono wangu, akavuta kiti chake hadi upande wa pili wa meza, akaanza kupanga nyanya zake.