Mkwe Hakaguliwi

"Nguo ziko nje na mvua inakuja," sauti ilisema simuni.

"Nianue?"

"Zote. Na kamba uilete."

Mpole akaizima simu, akaanza kupanda ngazi mbili mbili. Nguo ni sasisho, programu mpya iliyokuwa tayari kurushwa kwenye simu za watu. Kamba ni ufunguo wake. Waliompa mwanamke huyu jina la Mpole hawakuwahi kumwona kazini. Kwamba hapazi sauti ni kweli, lakini hata kisu hakipazi sauti.

Ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu, aliishi Fundi, mzee mbishi aliyetengeneza mfumo wake wa simu na kuugawa bure. Kampuni kubwa zilizifunga simu kwa kisingizio cha usalama. Yeye aliweka programu yake hadharani, mstari kwa mstari, asomaye asome. "Simu ni ya aliyeinunua," ndio ulikuwa wimbo wake. Wasiopenda kuchunguzwa waliipokea kwa mikono miwili: waandishi wa habari, mawakili, wake waliotoroka waume wenye ngumi.

Mlango ulikuwa mmoja tu. Simu hizo hazikukubali sasisho lisilo na muhuri wa Fundi, na muhuri ulikaa ndani ya kijidude cheusi cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachofunguka kwa dole gumba lake la kulia na si kwa jingine duniani.

Kazi za wageni waliojitolea kumsaidia, Fundi alizikagua hadi nukta. Za mkwe wake, hapana. Utamkaguaje mwanamume uliyempa binti yako? Si kumvua nguo mbele za watu? Mkwe naye alijua kula na kipofu bila kumgusa mkono. Programu aliyoianika hadharani ilikuwa safi. Sasisho aliloliunda faraghani lilikuwa na sikio ndani. Likipigwa muhuri, kila simu ingeanza kuwanong'oneza mabwana zake wa ng'ambo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mpole akaupiga teke penye kitasa.

Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, bastola kisogoni mwake. Fundi ameketi mbele ya kompyuta, kijidude kimechomekwa, dole gumba limeinuliwa juu yake.

"Bonyeza, baba," Mkwe alikuwa akisema, kwa adabu ile ile ya miaka yote. "Tusivunje undugu."

"Usibonyeze," akasema binti, aliyeligundua lile sikio na kumwonya baba yake.

Bastola ikatoka kisogoni, ikamgeukia Mpole.

Hilo lilikuwa kosa lake la mwisho. Glock ya Mpole ililia mara mbili.

Mkwe akaenda chini. Binti alibaki wima, damu ya mumewe shingoni, hajui mikono aiweke wapi. Mpole akairuka maiti, akalifuta sasisho, akachomoa kijidude na kukitia mfukoni.

"Ahsante, mwanangu," Fundi alisema huku machozi yanamtoka. "Mungu akuweke."

"Vaa viatu, mzee. Tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Ofisini. Serikali nayo ina sasisho lake. Linataka muhuri wako."

Mzee alimtazama, kisha akaitazama maiti. Alikuwa ameelewa.

"Sasa nyinyi na huyu mna tofauti gani?" binti aliuliza.

"Yeye alikuoa."

Lilikuwa neno la kikatili na Mpole alilijua hivyo. Alilisema kwa sababu lilifunga mjadala.

Fundi hakubisha. Alivaa viatu, akaegemea meza ya kazi ili ainuke. Mezani palikuwa na chuma cha kulehemu, bado cha moto. Akalikandamiza dole gumba juu yake, akauma meno, akaliacha pale. Mpole alipomvuta, harufu ilikwishajaa chumba.

Kazi ya maisha yake aliiua mwenyewe. Zile simu hazingepata sasisho tena, si la wezi, si la serikali, si la kwake. Zingezeeka na kasoro zake hadi zife.

"Haya, twende," mzee alisema. "Viatu nimevaa."

Mpole akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na alama hata moja.

"Mtie mkono kwenye maji ya bomba," alimwambia binti. "Barafu usitumie. Mimi nitasema ni mumeo aliyemchoma."

Binti hakumshukuru, na alikuwa na haki.

Chini dukani, muuzaji alikuwa amekimbia risasi. Mpole aliwasha simu mbele ya kaunta iliyojaa simu mbovu, akapiga ofisini.

"Mkwe amekufa. Sasisho nimelifuta. Kidole cha mzee kimeungua, mkwe alimchoma kabla sijafika."



"Maji ya bomba," mkubwa wake akasema. "Barafu asitumie."

Mpole aliitoa simu sikioni, akaitazama. Simu ya ofisi, waliyomkabidhi siku aliyoapishwa. Haifunguki, haiongezwi kitu, haipunguzwi kitu. Ilikuwa mfukoni mwake, imezimwa, muda wote ule.

"Mzee mwache, hana faida tena," sauti iliendelea. "Wewe njoo ujieleze. Mpole? Unanisikia?"

Akailaza juu ya kaunta katikati ya zile mbovu, ikiwa bado inamwita. Kisha akatengeneza kola ya koti lake, akatoka mtaani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.