Namba Mpya ya Mlango

Kutia chumvi siwezi. Haya yalimkuta rafiki yangu Miryeong, hapa Incheon. Alikwenda kuchapisha vyeti kwenye duka la kompyuta za kukodi, akafungua akaunti yake, akasahau kuifunga. Nywila zake zote zikabaki humo, pamoja na namba ya siri ya kufungulia kitasa cha vitufe cha mlango wa nyumbani. Jioni, akiwa nyumbani, akampigia simu mwenye duka.

“Nifutie akaunti yangu kwenye kompyuta namba saba, sasa hivi!”

“Punguza moto, dada! Nimeizima tangu mchana, na kiti ni kitupu.”

Miryeong akabadili namba ya mlango kwa simu yake. Kivinjari cha simu kikaandika: “Imehifadhiwa pia kwenye kompyuta namba saba.”

Nje, vitufe vya kitasa vikalia: ti, ti, ti, ti. Akachungulia kwenye tundu la mlango. Taa ya ukumbi wa nje, inayowaka hata paka akipita, haikuwaka. Kitasa kikaimba wimbo wake wa kufunguka.