Jiwe la Bibi Lililogeuka Jeusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwatumu alifagia ua wa nyumba yao ya mjini, mtaa wa Usagara, kisha akaingia chumba cha mbele kupangusa picha za mjomba wake, Idarusi. Mjomba alikuwa mpiga picha, na siku zile picha zake zote zilikuwa nyeupe na nyeusi tu.

Asubuhi moja ya mwaka 1956, Maulidi yakikaribia, alikuta picha mpya ya kaburi la bibi yao kule kijijini Tongoni. Akaiweka kando ya ile ya mwaka jana. Jiwe la kichwani, lililokuwa jeupe, sasa lilikuwa jeusi tititi!

"Semeni huyo!" alisema. "Amelipaka masizi!"

Semeni, mtoto wa mama yake mdogo, aliishi Tongoni. Walikuwa wamegombana juu ya nani alipendwa zaidi na bibi, na Semeni akamwambia, "Utaona!" Basi Mwatumu ameona, na lazima mtu alipe. Darasani hakusikia hesabu wala jiografia. Aliwaza kisasi tu, na tuseme kweli, kilikuwa kitamu.

Alasiri Semeni na mama yake wakafika kwa ajili ya Maulidi. Semeni alitundika ukutani gauni lake jipya jeupe la kusomea kasida, akaenda kumwamkia mama mkubwa. Mwatumu akachukua kidau cha wino, akakimimina chote kifuani mwa gauni.

"Jeusi kwa jeusi," akanong'ona.

Semeni alipoliona alipiga yowe, watu wakajaa chumbani.

"Ni mimi!" alisema Mwatumu, kichwa juu. "Amepaka masizi jiwe la bibi. Picha hii hapa!"

"Masizi?" Semeni alilia. "Nililiosha! Lilijaa vumbi na mavi ya ndege, nikalisugua kwa kumbi la nazi mpaka mikono ikachubuka. Muulize mjomba, alinikuta ndiyo kwanza namaliza."

"Ni kweli," alisema Mjomba Idarusi. "Jiwe la matumbawe likilowa huonekana jeusi pichani. Nilipiga picha kabla halijakauka."

Mwatumu aliinama.

"Mwanangu," Mjomba aliendelea, "magazeti yanasema sayari ya Mirihi hubadilika rangi. Wataalamu wanaitazama kwa darubini na kubishana: huyu asema majani yameota, yule asema vumbi limepeperuka. Hawana la kufanya, hawawezi kufika. Lakini Tongoni basi linafika, na Semeni ana mdomo. Picha hukuonyesha rangi, haikwambii rangi imetoka wapi. Uliza kwanza, ndipo ukasirike."

Mwatumu alifungua sanduku, akatoa gauni lake mwenyewe, akampa Semeni kwa mikono miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Siku ya Maulidi Semeni alisoma kasida safu ya mbele. Mwatumu alikaa nyuma, amevaa gauni lenye wino kifuani, na kila aliyemuuliza doa lile ni la nini, alimjibu, "Ni langu. Nilimwaga wino kabla sijauliza."