Wali Uliolala kwenye Blanketi

Kila jioni Kiulizo, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa maswali yake yasiyokwisha, alitenga wali wa asubuhi. Aliufunika, kisha akaizungushia sufuria blanketi kuukuu ili usipoe. Bibi yake alimsifu kwamba atakuwa mama mwenye nyumba yake.

Asubuhi moja waliukaanga wali huo, wakaula na mayai. Jua halijawa kali, nyumba nzima ikawa inapokezana ndoo, ni kutapika tu. Bibi akaapa ni mayai ya jirani yao, Mama Kuku. Maneno yakaenea mtaani, na trei za Mama Kuku zikadoda kibarazani.

Kiulizo hakutulia. Mdogo wake hali mayai kabisa, mbona naye alitapika? Akachukua wali uliobaki na yai moja, akampelekea shangazi yake, mpimaji wa maabara kwenye zahanati.

Shangazi alipaka kidogo cha kila kimoja kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, akaviweka kwenye kabati la joto. Kesho yake kisahani cha yai kilikuwa safi. Cha wali kilijaa madoa meupe, kama nta iliyodondoka. Kwenye hadubini Kiulizo akaona vijiti vimeungana kama mabehewa, vingine vina kitone kinachong'aa ndani.

"Lakini shangazi, si tuliupika ukaiva? Na asubuhi tukaukaanga?"

"Hicho kitone ni kama mbegu, kuchemsha hakukiui. Wali ukikaa vuguvugu kinaota, bakteria wanazaana, wanaacha sumu. Ukikaanga, bakteria wanakufa, sumu inabaki palepale. Sasa niambie, huo wali ulilala wapi?"

"Kwenye blanketi. Nililifunga mimi."

Shangazi hakumgombeza, alimsindikiza nyumbani. Bibi alisikiliza yote, akavaa viatu, akaenda na Kiulizo moja kwa moja kwa Mama Kuku kuomba radhi, majirani wakisikia.

"Haya, nitawaambia kuku wangu kesi imefutwa," alisema Mama Kuku, na mara hiyo wateja wawili wakasogea kwenye trei.

Njiani kurudi Bibi alimshika Kiulizo mkono. "Mimi nilihukumu, wewe ukapima. Kuanzia leo wali ukibaki tunautandaza upoe upesi, tunauweka kwenye friji. Ukichelewa nje, tunamwaga. Na mtu hatumtupii lawama kabla hatujajua."

"Na blanketi je, Bibi?"

"Jifunike mwenyewe, mjukuu wangu. Wewe huoti sumu."