Latai Hakufunga Mkeka

Jumamosi asubuhi, soko la Talamahu, visiwani Tonga, limefurika, Latai aliinamia meza ya matikiti akiyagonga moja moja. Alivaa gauni la maua mekundu, pana kiunoni.

"Dada, unabisha hodi kwa nani?" akauliza muuzaji, kijana aitwaye Semisi.

"Kwa lililoiva."

"Basi umefika. Nipe namba yako."

Akampa. Kwa miezi minne hawakupitisha siku bila kupigiana simu.

Jambo moja tu Latai alimficha. Mwaka juzi alipasuliwa utumbo, na tangu hapo choo chake hutokea kwenye tundu tumboni na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Mfuko wenyewe alishauzoea. Aliumwaga, akanawa, akarudi kwenye kazi yake ya ukarani. Alichoogopa ni Semisi kumkimbia.

Kisha bibi yake Semisi akafariki. Kwa Watonga, kwenda msibani bila kujifunga mkeka wa heshima kiunoni, juu ya nguo, ni sawa na kwenda uchi. Latai alijaribu kuufunga. Ukaubana mfuko, ukavuja. Akaenda na gauni jeusi tupu. Mama yake Semisi alimtazama kiuno, akageuza uso.

Siku ya tatu Semisi akapiga simu.

"Mbona umetudharau?"

"Sikuwadharau."

"Mama anasema asiyemheshimu marehemu hataniheshimu mimi."

"Njoo ofisini mchana, mpenzi. Utaona mwenyewe."

Akaja, mkeka mchakavu wa matanga kiunoni. Latai akafunga mlango wa stoo, akainua blauzi. Akamwonyesha mfuko.

"Unauma?" Semisi akauliza.

"Hauumi. Ukibanwa, unavuja."

"Na siku zote umeninyamazia?"

"Niliogopa utanikimbia."

"Hapo ndipo uliponiumiza, Latai." Akaanza kufungua kamba ya mkeka wake. "Twende kwa mama. Tuingie wote bila mkeka, atuseme wawili."

"Acha wazimu. Bibi ni wako." Latai akamkaza kamba kwa mikono yake. "Nitamwambia mwenyewe. Akinitaka, anitake na mfuko wangu."

"Asipokutaka?"

"Wewe je?"

"Mimi nakuoa."

Walimkuta mama ameketi chini na shangazi wawili. Latai akaeleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na siku ile ulikaa na sisi mpaka mazishini, hali ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Mama akawasukuma shangazi kando, akapangusa nafasi ubavuni pake. "Kaa hapa, mwanangu."