Usiguse Kitu, Narudi

"Boss, mwambie madamu hii iko kisasa. Hakuna kubonyeza-bonyeza. Anagusa kioo tu."

Kaze alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja kutoka kwa muuzaji, masikio yake mazima. Lakini ndivyo walimwengu walivyo: wakiona mtu hana macho, wanadhani na masikio yameenda likizo. Tangu waingie katika duka lile la vyombo vya muziki mjini, Mutsinzi mwenye duka alikuwa akimsemesha Shafiq peke yake, na Shafiq, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo na mchumba wa Kaze, alikuwa akijibu kwa raha zote.

"Inang'aa, cheri," Shafiq akasema. "Hata mgeni akiingia atajua humu kuna studio."

Kaze akanyoosha mkono, akakipapasa kile chombo. Kilikuwa laini kote, hakina pa kushika. Akampa Shafiq.

"Funga macho, Shafi."

"Nimefunga."

"Sasa punguza sauti ya maiki."

Kidole cha Shafiq kikatafuta. Chombo kikalia tii, kikalia tena tii, kisha kikazimika chote. Mutsinzi alicheka kidogo, halafu akaona aibu akanyamaza.

Tokea hapo akaanza kuzungumza na mwenye haja. Kaze akamweleza anachotaka: saundi kadi ndogo, ile ya kuunganisha maiki na kompyuta, yenye nobu za kuzungusha kama za redio za zamani, nobu zinazogota zikifika mwisho ili kidole kijue kimefika. Kisha akatoa kompyuta yake, ile inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, akataka kila saundi kadi ichomekwe na ijaribiwe. Ya kwanza kompyuta ikasoma: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vitufe tisa, hakuna hata kimoja chenye jina.

"Hii ni nyumba yenye milango tisa na hujui upi wa choo," Kaze akasema. "Lete nyingine."

Ya tatu ndiyo ilitaja kila kitu kwa jina lake. Ilikuwa nzito, na nobu zake mbili kubwa zilijaa vidoleni. Kaze akaikumbatia kabla hata haijarudishwa kwenye boksi. Ilikuwa furaha yake ya kwanza ya namna hiyo katika miaka mitatu.

Walipotoka nje Shafiq akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na ile mikisa ya zamani? Tunaiacha, si ndio?"

"Ile usiiguse. Nitaiondoa mwenyewe."

Kaze alisikia tu Shafiq akihamisha boksi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Sasa ile mikisa, msikilizaji wangu, haikuwa mashine ya kuchanganyia sauti tu. Ilikuwa ya marehemu mume wake, Munyakazi, aliyekuwa mpiga gitaa na ndiye aliyekuwa akimrekodi Kaze akiimba. Ilikuwa na nobu ishirini na mbili. Munyakazi alichoma msumari motoni akachora alama kwenye kila nobu, ili mkewe aguse tu na ajue imeelekea wapi. Alasiri moja, wimbo wao ukiwa nusu, waya ukakatika. Munyakazi akavaa viatu akasema, "Usiguse kitu, narudi." Akapanda pikipiki kwenda Gatsata kwa fundi waya. Kwenye mteremko wa huko lori likakosa breki, na Munyakazi hakurudi.

Kaze hakugusa kitu. Yaani aligusa, kila jioni, lakini kwa ncha ya kidole tu, bila kusukuma. Maiki yake, robo tatu. Gitaa, nusu. Mwangwi, kidogo sana, kama pumzi. Wenzake wana picha za marehemu ukutani. Yeye picha yangemfaa nini? Nobu zilikuwa mahali mkono wa Munyakazi ulipoziacha, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yake. Hakufuta hata vumbi, akihofia kitambaa kitazisogeza.

Shafiq alikuja mwaka wa tatu, kupima gauni. Alikuwa na sauti ya taratibu na mikono isiyo na haraka. Kila kitambaa alimpa Kaze akiguse kwanza ndipo akikate. Na hakumwandikia meseji kamwe. Simu ya Kaze ilisoma meseji za Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu hadi mtu acheke, kwa hiyo Shafiq alimtumia sauti yake mwenyewe, asubuhi na jioni. Moyo ulikufa, ukafufuka. Ndoa ikapangwa Jumapili, na Shafiq akakodi nyumba Kicukiro.

Siri moja tu Kaze hakumwambia. Alimwambia jirani yake Lillian, na Lillian akalia. Ijumaa, siku mbili kabla ya ndoa, Kaze alikusudia kumketisha Shafiq kwenye stuli, kisha azishushe zile nobu zote hadi sifuri kwa mkono wake mwenyewe, mbele yake. Hiyo ndiyo ingekuwa "ndiyo" yake. Ya Jumapili ingekuwa ya watu na pilau.

Alhamisi akamwachia Shafiq ufunguo wa nyumba, akapanda basi na Lillian hadi Kabuga, kumuaga mama mkwe wake wa zamani, Mukankusi. Adabu ni adabu. Mtu haolewi tena kimyakimya kama mwizi. Mukankusi alimshika mikono muda mrefu, akamwambia aende kwa amani.

"Aliyekufa hana wivu, mwanangu," akasema. "Wenye wivu ni wazima."

Kaze alilichukua neno hilo kama baraka. Alikuwa bado kituoni akingoja basi la kurudi simu ilipoanza kusoma, kwa ile lafudhi yake ya ajabu:

*Cheri, nilikuwa nafunga vitu vya kuhama. Nikafuta vumbi kwa mikisa, nobu zikazunguka kidogo. Pole sana. Si kitu, tutanunua nyingine.*

Kaze akaishusha simu, watu wakimpita. Lillian akamuuliza kuna nini. Hakumjibu kuhusu nobu. Alisema tu:

"Ameniandikia."

"Si kosa kuandika."

"Shafi haniandikii. Leo ameogopa nisije nikaisikia sauti yake."

Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, kwenye mikisa, akaweka kidole kwenye nobu ya kwanza. Sifuri. Ya pili, sifuri. Akazipitia zote ishirini na mbili, polepole, kama mtu anayetambua maiti mochwari na bado ana tumaini. Zote zilikuwa zimegota kushoto. Kisha akapitisha kidole katikati ya nobu na nobu, kule kitambaa kinakopaswa kupita kwanza. Akakisugua kidole hicho kwa gumba.

Akapiga simu.

"Shafi, njoo."

"Kaze, nilikuandikia, ni vumbi tu..."

"Njoo."

Alikuja. Alisimama mlangoni, harufu ya chuma cha pasi bado ikiwa kwenye nguo zake. Kaze hakugeuka. Alimnyooshea kile kidole.

"Hii ni nini?"

Shafiq akatazama.

"Vumbi," akasema.

"La miaka mitatu. Liko pale pale. Wewe ulifuta lipi?"

Mwanaume akakosa pa kushika. Akaanza kusema kitambaa kilikuwa kikavu, akaacha. Akaanza kusema alikuwa na haraka, akaacha. Mwisho akakaa kwenye stuli, ile ile aliyowekewa kwa ajili ya kesho na yeye hajui.

"Nilizishusha mimi," akasema. "Moja moja. Mbabarira, unisamehe, Kaze."

"Kwa nini?"

"Kila jioni nakaa hapa, nakuona unamgusa yeye. Mimi niko na mikono, niko na damu, niko hapa. Lakini vidole vyako vinaenda kwake kwanza. Nikasema, nitaingiaje kwenye ndoa na mtu wa tatu?"

"Na ukaniandikia ni vumbi."

"Niliogopa."

Kaze alikuwa na hasira, tena nyingi, lakini chini yake kulikuwa na uchungu wa kuchosha, ule wa msiba unaopiga hodi mara ya pili.

"Haya," akasema. "Mimi sioni. Wewe una macho, na umezitazama miezi saba. Rudisha hata moja mahali ulipoikuta."

Shafiq akasogea. Kaze alisikia mkono wake ukienda juu ya mikisa, ukasimama, ukaenda kwingine, ukasimama. Mwisho akaizungusha moja hadi katikati. Kaze akaigusa.

"Hii ni ya mwangwi. Ilikuwa chini kabisa, kidogo juu ya sifuri."

Shafiq akaanza kulia, kwa sauti ya chini, kama anayeficha.

"Umezichukia miezi saba," Kaze akasema, "na hujui hata moja ilikuwa wapi."

"Wewe unazikumbuka?"

"Zote."

"Basi zirudishe, cheri. Mimi naondoka, unazirudisha, nakuja kesho. Hatutazungumza tena habari hii."

"Nikizirudisha zitakuwa na mkono wangu. Mkono wake umeshatoka." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea meza. "Kesho ningezishusha mimi, Shafi. Muulize Lillian. Ungekuwa umekaa hapo hapo ulipokaa. Nilikuwa nakupa, na wewe ukaiba."

Shafiq akasimama, akaweka ufunguo wa nyumba mezani taratibu, akatoka. Jumapili pilau haikupikwa.

Watu walisema sana. Wapo waliosema Kaze amekataa mume kwa ajili ya chuma. Mimi sikuwa miongoni mwao. Shafiq alituma sauti tatu wiki ya kwanza, akiomba radhi, na Kaze alizisikiliza zote mpaka mwisho, kwa sababu aliipenda ile sauti na hakuona haya kukiri. Kisha akamtumia yake, moja:

"Nimekusamehe, Shafi. Lakini siwezi tena kukuachia ufunguo nikaenda Kabuga moyo ukiwa umetulia. Gauni liko kwa Lillian."

Wiki ya tatu, asubuhi, akaichomeka ile saundi kadi mpya. Kompyuta ikataja jina la kila kitu. Akavaa hedifoni, akaizungusha nobu ya maiki hadi robo tatu, pale pale pa zamani, akaimba mstari wa kwanza wa wimbo wao ulioachwa nusu. Sauti ikapasuka. Akajaribu tena, ikapasuka. Chombo kilikuwa kingine, na miaka mitatu ya kilio ilikuwa imeinenepesha sauti yake. Vidole vyake vilikaa juu ya nobu kwa muda. Kisha akaishusha hadi nusu, na hapo sauti ikakaa.

Akauimba wimbo wote, pamoja na ile nusu ambayo haikuwahi kuimbwa. Ulipokwisha hakubonyeza kitufe cha kusimamisha kurekodi. Aliinama karibu na maiki.

"Munyakazi," akasema, "nimegusa."

Kisha akabonyeza.